KASI BILA SHABAHA: MIAKA YA MWANZO YA STEVE DALKOWSKI

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Katika mdahalo wa chama chetu mada ilikuwa kwamba kipaji ni bora kuliko bidii. Wapendekezi walipigiwa makofi hadi madirisha yakatikisika, kwani walidai kwamba aliyejaliwa na Mola hahitaji kusukumwa. Wapinzani nao walijibu kwa haba na haba hujaza kibaba, kisha wakaketi. Mimi sikushiba. Nilitaka mtu halisi, mwenye jina na tarakimu, ambaye tungemweka mezani na kumchunguza kama tunavyomchunguza panzi katika somo la Biolojia. Nimempata. Hakuwa bingwa wa dunia, na katika ligi kuu ya mchezo wake hakucheza hata mechi moja ya kuhesabiwa. Ni Mmarekani Steve Dalkowski, aliyekuwa mrushaji wa besiboli katika ligi ndogo kuanzia mwaka wa 1957.

Najua mtasema, besiboli tena, sisi watu wa kandanda na riadha? Subirini kidogo. Wale waliocheza raunda katika shule ya msingi wako tayari nusu ya safari. Kuna mrushaji, kuna mpigaji mwenye gongo, na kuna vituo vinne vya kukimbilia. Mrushaji husimama juu ya kichuguu cha udongo, mita 18.44 kutoka kwenye kibao kilicho mbele ya mpigaji. Nyuma ya kibao huchutama mdakaji, glavu nono mkononi na kinyago usoni, na nyuma yake husimama mwamuzi. Kibao chenyewe kina upana wa sentimita 43 tu. Mpira ukipita juu yake, kati ya magoti na kifua cha mpigaji, huitwa straiki hata kama mpigaji amesimama kama mlingoti. Akirusha gongo akakosa, hiyo pia ni straiki. Straiki tatu, yuko auti. Lakini mpira ukipita nje ya eneo hilo naye akauacha, huo ni mpira mbovu. Mipira mibovu ikifika minne, mpigaji anakwenda kituo cha kwanza bila jasho, kama abiria aliyelipiwa nauli na mtu mwingine. Auti tatu hufunga zamu, na mechi ina zamu tisa kwa kila timu.

Kuna mwenzangu aliyetaka tumwite mchezaji huyo 'mtupaji'. Nilikataa. Takataka ndizo hutupwa, hazina anwani. Mrushaji hurusha akiwa na shabaha. Au ndivyo inavyotakiwa, kama mtakavyoona.

Sasa ligi ndogo. Wamarekani wamepanga besiboli yao kama ngazi. Timu ya ligi kuu hufungamana na timu kadhaa za miji midogo, na vijana hutumwa huko wakaive kwanza. Wakati wa Dalkowski vidato vya ngazi hiyo viliitwa kwa herufi: D ilikuwa ya chini kabisa, kisha C, B, A, halafu A mbili na A tatu, ndipo ligi kuu. Herufi hizo tatu za chini ziliondolewa baada ya msimu wa 1962, lakini ngazi yenyewe ilibaki. Wengi hupanda vidato viwili vitatu wakarudi nyumbani kutafuta kazi nyingine.

Steve Dalkowski alizaliwa tarehe 3 Juni 1939 katika mji wa New Britain, jimbo la Connecticut. Ni mji uliosifika kwa viwanda vya vifaa vya chuma, na wazazi wake walikuwa wafanyakazi wa viwandani. Hakuwa jitu. Alivaa miwani minene kwa sababu macho yake yalikuwa dhaifu, na alirusha kwa mkono wa kushoto. (Sisi wa mkono wa kushoto, tuliogombezwa tangu utotoni tukishika tonge kwa mkono huo, tunamkaribisha katika jamii yetu.) Katika shule ya upili alicheza pia futiboli ya Kimarekani, na vizuri, lakini kilichowaleta wasaka vipaji wa timu kubwa hadi New Britain kilikuwa mkono ule. Katika mechi moja ya shule aliwatoa wapigaji 24 kwa straiki tatu tatu.

Alipomaliza masomo mwaka wa 1957 alitia sahihi mkataba na Baltimore Orioles na kupewa dola 4000. Kiasi hicho hakikuokotwa hewani. Wakati huo kulikuwa na kanuni kwamba kijana akilipwa zaidi ya dola 4000 za kutia sahihi, ni lazima timu imweke katika kikosi chake cha ligi kuu kwa miaka miwili, aive asiive. Kwa hivyo timu iliyotaka kijana wake aanzie chini haikuvuka kiwango hicho. Kanuni hiyo ilifutwa mwishoni mwa mwaka huo huo. Kijana wetu, mwenye umri wa miaka 18, alipelekwa Kingsport, Tennessee, kidato cha D.

Jamani, hapa ndipo penye uhondo. Katika msimu wake wa kwanza alirusha zamu 62. Kila zamu ina auti tatu, kwa hivyo jumla ya auti zilizopatikana akiwa kichuguuni ni 186. Kati ya hizo, 121 zilikuwa za straiki tatu. Pigeni hesabu, ni asilimia 65. Yaani karibu watu wawili katika kila watatu waliotolewa walirudi kuketi bila kuugusa mpira ukaenda mahali pa maana. Mtu akisikia hivyo atadhani Kingsport ilibeba vikombe kwa mkokoteni. Kumbe katika zamu zizo hizo 62 aliwapa wapigaji 129 kituo cha bure kwa mipira minne mibovu! Mara 39 mpira ulimpita hata mdakaji mwenyewe na kwenda zake. Alishinda mechi 1 na kushindwa 8.

Mechi moja ya mwisho wa Agosti mwaka huo, dhidi ya Bluefield, ndiyo inayonichekesha na kunihuzunisha kwa pamoja. Aliwatoa watu 24 kwa straiki, idadi ambayo mrushaji mwingine angeitundika ukutani maisha yake yote. Timu yake ilifungwa 8 kwa 4. Alikuwa amewapa watu 18 kituo cha bure.

Wapigaji walimwogopa, na si kwa mzaha. Mpira wa besiboli una uzito wa gramu 145 hivi na ni mgumu. Inasimuliwa kwamba huko Kingsport mpira wake ulimchana mpigaji mmoja ndewe ya sikio, na kwamba miaka michache baadaye mpira mwingine ulikivunja kinyago cha mwamuzi na kumpeleka hospitali. Ukiwa mpigaji na unajua kwamba anayekurushia mwenyewe hajui mpira utaenda wapi, miguu inakimbia kabla ya moyo.

Je, kasi yake ilikuwa kiasi gani? Hapa masimulizi ni mengi kuliko vipimo. Cal Ripken Mkubwa, aliyekuwa mdakaji wake katika ligi ndogo na baadaye akawa meneja wa Baltimore, alikadiria maili 115 kwa saa, ambayo ni kilomita 185. Kwa kulinganisha, mwaka wa 2010 Aroldis Chapman alipimwa kwa mitambo ya kisasa akapata maili 105.8, sawa na kilomita 170. Mwaka wa 1958 Orioles walimpeleka Dalkowski katika kituo cha kijeshi cha Aberdeen, Maryland, palipokuwa na mtambo wa kupimia mwendo. Mtambo ulisema maili 93.5, kama kilomita 150 na nusu. Mtu akisoma haraka atasema, ala, kumbe ilikuwa porojo! Lakini soma masharti ya jaribio. Alikuwa amerusha mechi siku iliyotangulia. Alirusha akiwa kwenye ardhi tambarare, bila kichuguu. Na mtambo ulipima mpira uliopita katika eneo dogo tu, naye alichukua kama dakika 40 kabla hajalilenga eneo hilo sawasawa. Kwa hivyo kilichopimwa ni mkono uliochoka. Mimi siamini ile 185, lakini siamini pia kwamba 150 ndiyo ilikuwa kasi yake ya kawaida.

Sasa tuingie katika hisabati, maana hili ni somo wala si hadithi tu. Wengi walisema kwamba hakulenga kwa sababu alikuwa na kasi mno. Mimi nilichukua kikokotoo. Kibao kina upana wa sentimita 43, kwa hivyo kutoka katikati hadi ukingoni ni sentimita 21.5. Umbali ni mita 18.44. Gawanya 0.215 kwa 18.44 na utafute pembe yenye tanjenti hiyo. Utapata digrii 0.67. Hata digrii moja haifiki! Ina maana kwamba ukilenga katikati ya kibao na mkono ukapotoka kwa digrii moja tu upande wowote, mpira umetoka nje. Pembe hiyo ni ile ile kwa anayerusha polepole na kwa anayerusha kama risasi. Katika jometri, kasi haina hatia.

Walakini mwili si jometri. Anayerusha kwa nguvu zake zote hujipinda, hujinyosha na kujitupa mbele, na kila kiungo ni mahali ambapo digrii moja inaweza kupotea. Tena mpigaji ana wakati mchache. Kwa kilomita 150 mpira unafika kwa sekunde 0.44, kwa zile 185 za Ripken ungefika kwa sekunde 0.36. Kufumba na kufumbua. Kwa hivyo kasi ilikuwa hazina kweli, ila ilikuwa hazina kwa mpira uliopita juu ya kibao. Mpira mbovu wa kasi na mpira mbovu wa polepole huhesabiwa sawasawa na mwamuzi.

Basi walimu wake wakaanza kazi. Na walimu walikuwa wengi, kila mwaka timu nyingine na kila timu na dawa yake. Inasimuliwa kwamba walimtengenezea shabaha ya mbao arushe katika tundu lake. Walimsimamishia wapigaji wawili kwa pamoja, mmoja kila upande wa kibao, ili ajifunze kupita katikati. Walimweka karibu, kisha wakamrudisha nyuma. Badilisha mguu, punguza nguvu, usifikiri sana, fikiri zaidi. Nikisoma hayo nakumbuka namna tunavyorudishiwa insha yenye maandishi mekundu kila mstari, hadi mtu hajui aanze kurekebisha hijai, hoja au hati. Sisemi walimu wana makosa, naomba radhi mapema! Nasema tu kwamba maagizo kumi kwa wakati mmoja ni mzigo.

Matokeo? Mwaka wa 1960 alikuwa Stockton, California, kidato cha C. Katika zamu 170 aliwatoa watu 262 kwa straiki, na akawapa watu 262 kituo cha bure. Nilisoma mara mbili nikidhani mpiga chapa amekosea. La hasha, idadi ni moja kwa zote mbili. Mwaka wa 1961 alikuwa kidato cha B na timu ya Tri-City, jimbo la Washington, na hali ikazorota: zamu 103, straiki tatu 150, vituo vya bure 196. Tukifanya hesabu ya mechi nzima ya zamu tisa, huko Kingsport aliwapa wapigaji vituo vya bure 18.7 kwa kila mechi, Stockton 13.9, Tri-City 17.1. Miaka mitano ya jasho na bado mtu yuko karibu pale pale alipoanzia. Nawaomba wale wa haba na haba waitazame mistari hiyo.

Mwaka wa 1962 alipelekwa Elmira, New York, kidato cha A. Meneja hapo alikuwa Earl Weaver, mtu mfupi mwenye hasira za karibu, ambaye baadaye aliiongoza Baltimore hadi ubingwa wa 1970. Weaver alifikia uamuzi kwamba kijana huyu amejazwa maneno kupita uwezo wake wa kuyabeba. Akafuta karibu kila kitu. Alimwachia mirusho ya aina mbili tu, ule wa kasi na ule unaoteleza kando, na kuhusu ule wa kasi agizo lilikuwa moja: lenga katikati ya kibao, basi. Inasimuliwa pia kwamba Weaver alimtaka apunguze nguvu, na mpigaji akishapata straiki mbili, meneja alipiga mluzi. Mluzi ukisikika, ruksa, tumia nguvu zote.

Rudini kwenye ile digrii 0.67 muone busara ya agizo hilo. Warushaji stadi hufundishwa kulenga pembeni mwa kibao, kwa sababu katikati ndipo mpigaji anapopenda. Lakini mtu akilenga ukingo wenyewe, upande mmoja ana nafasi ya kibao kizima na upande wa pili hana hata unywele. Nusu ya makosa yake yote itakuwa mipira mibovu. Akilenga katikati, ana digrii 0.67 kila upande. Kwa mrushaji wa kawaida katikati ni hatari, kwani mpira utapigwa mpaka ng'ambo ya uzio. Kwa Dalkowski haikuwa hatari, maana nani ataupiga? Kwa hiyo kasi iliyoonekana kuwa laana ndiyo iliyompa ruhusa ya kulenga mahali rahisi kabisa. Sijui kama Weaver alitumia tanjenti, lakini alipata jibu.

Elmira alirusha zamu 160, akatoa watu 192 kwa straiki, na vituo vya bure vikawa 114. Kwa mechi nzima hiyo ni 6.4. Kutoka 17.1 hadi 6.4 katika mwaka mmoja! Na tazameni upande wa pili wa daftari, ambao watu huusahau: straiki tatu pia zilipungua, kutoka 17.6 kwa kila mechi huko Kingsport hadi 10.8. Alitoa kitu ili apate kitu. Mechi sita aliziongoza mpaka mwisho bila wapinzani kupata hata pointi moja.

Machi 1963 alikuwa kambini na timu kubwa huko Florida, na habari ilikuwa kwamba safari hii amefaulu. Mwezi huo alipimwa sare ya Orioles. Siku hiyo hiyo, katika mechi ya mazoezi dhidi ya New York Yankees, alisikia kitu kimekatika katika kiwiko cha mkono wake wa kushoto. Wakati huo upasuaji ambao leo huwarudisha warushaji uwanjani ulikuwa haujagunduliwa. Wa kwanza wa aina hiyo ulifanywa mwaka wa 1974. Dalkowski alijaribu tena katika ligi ndogo, lakini ile kasi haikurudi. Kufikia 1966 alikuwa ameacha. Alishinda mechi 46 na kushindwa 80. Kampuni iliyochapisha kadi za picha za wachezaji ilikuwa imeshamtia katika kadi za mwaka wa 1963 kama chipukizi wa ligi kuu, na kadi hiyo ipo hadi leo mikononi mwa wakusanyaji.

Ya baadaye nitayapita kwa haraka. Pombe, ambayo alikuwa ameianza mapema, ilimtawala. Kwa miaka mingi alikuwa kibarua wa mashambani huko California, akichuma mazao. Katika miaka ya 1990 dada yake alimrudisha New Britain akatunzwa huko, kumbukumbu zake zikiwa zimeharibika. Ron Shelton, aliyecheza katika ligi ndogo za Orioles na kuzisikia habari zake humo, alitengeneza filamu iitwayo Bull Durham mwaka wa 1988, na ndani yake kuna mrushaji kijana mwenye kasi asiyejua mpira wake utaenda wapi.

Watu husema Dalkowski alipoteza kipaji chake. Sikubaliani nao kabisa. Pombe ilimpotezea mengi, hilo ni kweli, lakini kiwiko hakikukatwa na pombe, na ile miaka mitano ya kwanza haikupotea kwa uvivu. Hakuna aliyewahi kusema alikuwa mvivu wa mazoezi. Kilichokosekana Kingsport, Stockton na Tri-City ni mtu wa kumpa agizo moja badala ya kumi. Alipompata alikuwa na umri wa miaka 23, na walibaki na msimu mmoja tu.

Mwaka wa 2003, akiwa na umri wa miaka 64, Orioles walimwalika Baltimore kurusha mpira wa kufungulia mechi katika uwanja wao mkubwa. Mpira wa aina hiyo ni wa heshima, hauhesabiwi straiki wala mbovu. Steve Dalkowski aliaga dunia New Britain tarehe 19 Aprili 2020, miaka 80, akiwa ameambukizwa virusi vya korona.